Mwenzangu humtoa mtoto bwenini usiku: niseme au ninyamaze?

*"Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 22 kutoka Tanga. Nimekuja Marekani kwa viza ya J-1 (ile ya programu za kubadilishana tamaduni) kuwa mlezi wa watoto katika kambi ya Kiyahudi ya majira ya joto, jimbo la Pennsylvania. Bweni letu lina wavulana 12 wa miaka 10 na 11, na walezi tuko watatu. Mtoto mmoja analia kila usiku kwa kuwakumbuka wazazi. Nyumbani ningekaa kitandani kwake nikampapasa mgongo mpaka alale, lakini kwenye semina tulikatazwa kabisa kukaa kwenye kitanda cha mtoto. Najiona mkatili. Mwenzangu mmoja, aliyekulia kambini hapa na anayependwa na kila mtu, ana njia yake: taa zikizimwa anamtoa nje, anampa simu yake ampigie mama yake, ingawa simu zimekatazwa. Hurudi baada ya nusu saa au zaidi, mtoto ametulia. Juzi mtoto aliniambia, 'Usimwambie mtu, ni siri yetu.' Nikamwahidi. Nilipomgusia mlezi wa tatu, alisema kuwasema watu ni dhambi kubwa kwao na mimi mgeni sitaelewa. Sina ushahidi wa ubaya wowote. Naogopa nikisema nitafukuzwa na viza itakufa, na wakala nilimlipa kwa pesa ya kukopa. Halafu Ijumaa jioni ndipo mtoto hulia zaidi, na ndipo hakuna anayegusa simu. Nifanye nini?"*

Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi nilikutumia siku ileile, kwa sababu jambo hili halikuwa la kusubiri zamu ya kuchapishwa: mwone mkurugenzi wa kambi leo, kabla taa hazijazimwa. Hapa nataka kueleza kwa nini. Kila mwaka vijana wetu wanakwenda kwenye kambi hizi, na wengi hukutana na kitu kama hiki bila mtu wa kumuuliza.

Umeuliza kana kwamba una mambo mawili: mtoto anayelia, na mwenzako anayemtoa nje. Mimi naona ni moja. Mtoto anayelia kila usiku, mbali na wazazi, ndiye atakayemshukuru zaidi mtu yeyote atakayempa faraja, na ndiye atakayekuwa mzito kusema iwapo faraja hiyo itageuka kitu kingine.

Tuanze na kilio. Hicho si udekaji, na ule usemi wa kwetu kwamba mtoto wa kiume halii uuache Tanga. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Christopher Thurber na daktari wa watoto Edward Walton waliandika mwongozo wa American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kuhusu watoto wanaolemewa na hamu ya nyumbani. Ukiusoma utaona kwamba karibu kila mtoto aliye mbali na kwao huionja hamu hiyo kwa kiasi fulani, na kwamba wachache ndio huzidiwa. Mchana mtoto ana mpira, ziwa na wenzake. Usiku shughuli zinakwisha, giza linaingia, na kila alichozoea kabla ya kulala, sauti ya mama, mlango ulioachwa wazi kidogo, hakipo. Ndiyo maana mtoto aliyecheka mchana kutwa anaweza kuvunjika moyo saa tatu usiku.

Ijumaa una haki ya kuiogopa. Sabato, siku yao ya mapumziko ambayo wanaoishika hawatumii simu, huingia Ijumaa jioni; inapoingia kambi nzima huvaa nguo safi, mara nyingi nyeupe, na watu huimba wameshikana mabega. Kwa wewe mgeni ni usiku mzuri kuliko yote. Lakini katika nyumba nyingi za Kiyahudi, Ijumaa jioni mzazi humwekea mtoto mikono kichwani akambariki. Mtoto aliyezoea mkono wa baba yake kila wiki, leo amesimama katikati ya watu mia kadhaa na mkono huo haupo. Jiandae tangu mchana. Mkalishe karibu na rafiki yake wakati wa chakula, mpe kazi ndogo mezani, mwambie mapema kwamba wengi huona usiku huu mgumu. Fanya vivyo hivyo Tisha B'Av ikiangukia ndani ya muhula wenu. Hiyo ni siku ya kufunga na kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu, huangukia Julai au Agosti, na huzuni ya kambi nzima humwingia hata mtoto aliyekuwa mzima.

Sasa ile simu. Wengi hudhani kambi hukataza simu kwa ukali tu, au kwa kuficha mambo. Sababu ni kwamba sauti ya mama saa nne usiku huliamsha jeraha upya. Mtoto hutulia kweli, lakini hutulia kwa kujua kesho kuna simu nyingine, na hapati nafasi ya kugundua kwamba anaweza kuuvuka usiku huu hapa alipo, na watu wa hapa. Barua ni afadhali: anaiandika, anamimina yaliyo moyoni, na kuandika kwenyewe ni kazi ya kuzituliza fikra. Husaidia pia kalenda ndogo ya kukata siku zilizobaki, rafiki mmoja wa uhakika, na wazazi ambao hawakumwahidi "ukishindwa tutakuja kukuchukua." Ahadi hiyo wazazi huitoa kwa upendo, na humfanya mtoto aishi akiupima mlango. Kama mama huyu aliahidi hivyo, ni kazi ya uongozi kuzungumza naye. Kwa hiyo hata tukichukulia kwamba mwenzako ana moyo safi kabisa, dawa anayompa mtoto si yenyewe.

Na kuna jambo ambalo huenda hukuliona ulipoandika. Unaamini mtoto anampigia mama yake kwa sababu umeambiwa hivyo. Hujui. Hujui simu inachukua dakika tano na dakika nyingine 25 zinakwenda wapi, wala hujui kilichomo kwenye simu hiyo ambacho mtoto huonyeshwa. Simsingizii mtu. Nasema tu kwamba mkurugenzi anaweza kumpigia mama yule akapata jibu mara moja. Wewe huwezi, na si kazi yako kujaribu.

Kuhusu kukatazwa kukaa kitandani, nakuelewa. Kwetu mtoto wa jirani unambeba, unamlaza, unampapasa, na hakuna anayekutazama mara mbili. Nimewaona vijana wazuri kutoka pwani wakitoka kwenye semina hizo wamenuna, wakidhani wameitwa wahalifu kabla hawajafanya kitu. Lakini kanuni ile haikutungwa kwa kukushuku wewe. Kambi haiwezi kuchungulia ndani ya moyo wa kila kijana iliyemwajiri kwa miezi miwili. Inachoweza ni kuamua matendo yatakayofanywa na kila mtu, mwema na mbaya, ili tendo geni likitokea lionekane. Kama walezi wote wangekaa vitandani kwa watoto, yule mmoja mwenye nia nyingine angejificha katikati yenu. Kanuni yako ndiyo inayokuwezesha sasa kuona kwamba kumtoa mtoto nje usiku si jambo la kawaida.

Faraja haijakatazwa. Unaweza kuvuta kiti ukakaa kando ya kitanda, mahali walezi wengine wanakuona. Unaweza kumuuliza, "Nikushike bega?" ukasubiri jibu. Unaweza kumtoa hadi barazani, taa ikiwaka, mwenzako mmoja akiwa anawaona, mkazungumza dakika kumi. Kumkumbatia kwa ubavu, kumpiga tano, yote ni sawa ikiwa ni mbele ya watu, ni kwa haja ya mtoto si yako, na yeye ameridhia. Kanuni ya jumla katika kambi nyingi ni kwamba mlezi hakai peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Na mtoto akikojoa kitandani (hukuniuliza, lakini miaka 10 na 11 hutokea), shuka hubadilishwa kimyakimya wenzake wakiwa kwenye kifungua kinywa, na wala habari hiyo haisimuliwi kwa walezi wa mabweni mengine kama kichekesho.

Nije kwa mwenzako. Watu hudhani anayemdhuru mtoto anajulikana kwa sura, au ni mtu baki aliyejificha vichakani. Mara nyingi ni mtu anayefahamika na kuaminiwa. Njia yake huwa ya polepole: humchagua mtoto mwenye upweke, humpa kitu ambacho wengine hawapati, humtenga kidogo na wenzake, humfundisha kutunza siri ndogo isiyo na madhara ili aone kama ataitunza. Ikitunzwa, inafuata kubwa zaidi. Wakati huohuo huwazoesha na watu wazima wa karibu: huwa mcheshi, msaidizi, mwenyeji wa kila kitu, ili siku mtu akisema jambo, aonekane mwenye wivu. Kambi ina udhaifu wake katika hili. Watu wanaishi pamoja saa 24, walezi wengi walikuwa watoto wa kambi hiyohiyo, na mapenzi yao kwa mahali pale ni makubwa kiasi kwamba kusema neno huonekana kama kuisaliti familia.

Je, mwenzako ni mtu wa namna hiyo? Sijui, na hata wewe hujui. Anaweza kuwa kijana wa miaka 20 anayependa kupendwa na watoto, aliyeona machozi akatafuta njia ya mkato. Wako wengi wa aina hiyo. Uzuri ni kwamba huhitaji kuamua. Hupeleki hukumu juu ya mtu. Unapeleka matendo uliyoyaona: kumtoa mtoto mmoja nje baada ya taa kuzimwa, mara kadhaa, nusu saa au zaidi, kwa simu iliyokatazwa, na neno "siri yetu" kutoka kinywani mwa mtoto. Ikiwa ni kijana mwema aliyekosea, ataonywa, atafundishwa, na pengine utakuwa umeiokoa kazi yake. Ikiwa siyo, umemwokoa mtoto.

Mlezi wa tatu alikuambia kusema watu ni dhambi. Hakudanganya: Wayahudi wana marufuku nzito ya kusengenya, wao huiita *lashon hara*, na kambini huenda mmeifundishwa. Lakini mwombe siku moja akufungulie Mambo ya Walawi 19:16. Mstari unaokataza kuzunguka na umbea ndio huohuo unaokataza kusimama tu huku damu ya jirani yako iko hatarini. Kumwambia mwenye mamlaka ili mtoto alindwe hakuhesabiwi kuwa usengenyaji. Umbea ni kuyazungumza haya na walezi wengine usiku, na hapo nakusihi usiyaendeleze, hata na marafiki zako wa Tanga kwenye simu. Kuhusu Ijumaa pia kuna kauli yao: kuokoa uhai huiondoa sabato, na hata kambi zinazoishika sabato kwa ukamilifu kwa kawaida huwa na mtu wa zamu anayeweza kupiga simu. Usiku wa Ijumaa usikufanye usubiri Jumamosi jioni.

Wala usiseme moyoni, "mahali pa dini mambo haya hayapo," au kinyume chake, "watayafunika tu." Mwaka 2022 Union for Reform Judaism, taasisi kubwa inayoendesha kambi nyingi za Kiyahudi, ilitoa hadharani ripoti ya wachunguzi wa nje kuhusu mwenendo mbaya wa kingono katika programu zake, kambi zikiwemo. Shirika la Foundation for Jewish Camp tangu 2021 limekuwa likizisaidia kambi kuajiri wataalamu wa afya ya akili. Kwa hiyo uliza kama kambini kwenu kuna afisa ustawi wa jamii au mshauri wa watoto. Katika kambi za Ramah, mtandao mmojawapo wa kambi za Kiyahudi, watu wazima wenye uzoefu wa namna hii huitwa *yoetzim*, na kazi yao hasa ni kuwasikiliza walezi kama wewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mara nyingine aliyetoka mbali ndiye huona kile ambacho wenyeji wamekizoea.

Ushahidi sasa. Sheria ya Pennsylvania haikutaki ulete ushahidi. Mtu mzima anayehudumia watoto katika programu kama hii, awe analipwa au anajitolea, ni miongoni mwa wanaolazimika kutoa taarifa akiwa na sababu ya msingi ya kushuku kwamba mtoto anadhuriwa. Tangu mwisho wa 2014 haitoshi kumwambia bosi ukanawa mikono: wewe mwenyewe unatoa taarifa kwa ChildLine, kituo cha jimbo cha kupokea taarifa za watoto wanaodhuriwa, simu 1-800-932-0313, saa 24, kisha unamjulisha msimamizi. Ukitoa taarifa kwa simu, maandishi yanafuata ndani ya saa 48. (Usiichanganye na 116, namba ya msaada kwa watoto ya nyumbani, ukiwa Marekani namba hiyo haikusaidii.) Anayetoa taarifa kwa nia njema analindwa asishtakiwe, na sheria inamkataza mwajiri kumwadhibu kwa hilo. Anayenyamaza kwa makusudi ndiye mwenye kosa.

Ulichonisimulia ni uvunjaji wa wazi wa kanuni za kambi pamoja na dalili zinazotia wasiwasi. Hicho peke yake kinatosha kumwona mkurugenzi leo. Lakini mtoto akitamka lolote kuhusu kuguswa, picha, kuvua nguo, zawadi za kununua ukimya au vitisho, au wewe mwenyewe ukishuku hivyo kwa ulichokiona, piga ChildLine wewe, bila kuomba ruhusa. Na ukisita kama imefika kiwango hicho au la, piga. Waliopo upande wa pili wa simu ndio waliosomea kupima.

Viza nikuambie ukweli wote, maana hapa vijana hutishwa kwa maneno nusu. Kambi haina uwezo wa kufuta viza yako. Inaweza kukufuta kazi, na programu yako inasimamiwa na shirika mdhamini, lile lililotajwa kwenye DS-2019, fomu ya programu uliyoombea viza. Hilo ndilo linaloweza kuisimamisha, au kukutafutia kambi nyingine. Kwa hiyo hatari ipo, siwezi kusema ni sifuri. Ipunguze hivi: siku utakayozungumza na mkurugenzi, mwandikie mdhamini wako barua pepe fupi usiku huohuo, useme umetoa taarifa ya usalama wa mtoto, tarehe na saa, bila jina la mtoto. Baada ya hapo mtu akikufukuza kesho yake, itabidi aeleze. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo ina simu ya dharura kwa wenye J-1, na kile kijitabu cha haki ulichopewa ubalozini usikitupe. Deni la wakala ni zito, nalijua. Lakini tukipima, kunyamaza nako kuna hatari kwako: ikija kujulikana baadaye kwamba ulijua, kazi na viza vyote vinaweza kwenda pamoja, na sheria ikakuuliza.

Namna ya kwenda. Kabla hujaenda, andika kwenye karatasi: tarehe, saa waliyotoka, saa waliyorudi, maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Usiongeze maoni yako. Omba kuonana na mkurugenzi faragha, mwambie, "Nina jambo la usalama wa mtoto." Usianze na mwenzako kwanza ili "kumpa nafasi." Najua kwetu huo ndio ustaarabu, kumwita mtu pembeni kabla ya kumfikisha kwa wakubwa. Katika jambo hili kunampa muda wa kuzungumza na mtoto, na kama hana hatia, kunamweka katika hali ya kuonekana ameharibu ushahidi. Usimpekue simu. Usimfuate gizani. Na mkurugenzi akikujibu, "Huyo tunamfahamu tangu mtoto," bila kuchukua hatua, ChildLine inabaki pale pale.

Ile ahadi uliyompa mtoto lazima uitengue, na ufanye hivyo wewe mwenyewe kabla hajaisikia kwingine. Mwambie, "Nilikuahidi kutosema, na sikupaswa. Kuna mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyaficha. Nitamwambia mkurugenzi. Hujafanya kosa lolote." Usimhoji. Akitaka kusema, msikilize, tumia "halafu?" na "niambie zaidi," wala usimwekee maneno kama "alikugusa?" Kuhoji kuna watu wake, na swali baya la leo linaweza kuharibu maelezo yake ya kesho.

Tegemea siku chache mbaya. Mwenzako huenda ataondolewa bwenini wakati uchunguzi unaendelea. Baadhi ya walezi watakununia. Mtoto mwenyewe anaweza kukukasirikia, kwa sababu kwake umemnyang'anya simu na rafiki, na kilio kinaweza kuzidi kwa usiku mbili tatu. Hapo ndipo kiti chako kando ya kitanda kitakapohitajika. Akikataa kula, akikosa usingizi siku kadhaa mfululizo, akijitenga hata mchana, akilalamika tumbo ambalo nesi haoni sababu yake, mfikishe kwa nesi na mshauri wa kambi ana kwa ana, usiendelee kumbembeleza peke yako. Akitamka kutaka kujiumiza au kufa, usimwache hata dakika moja, mwite nesi na mkurugenzi papo hapo. 988 ni simu ya dharura ya afya ya akili nchi nzima, na penye hatari ya mara moja ni 911. Kuna watoto ambao uamuzi sahihi kwao ni kurudi nyumbani, lakini huo hufanywa na wazazi na uongozi.

Na wewe pia. Tangu shambulio la Hamas nchini Israel la Oktoba 2023, na vita vilivyofuata, kambi hizi zimepokea walezi kutoka Israel wenye misiba yao, watoto wenye hofu zao, na vijana wa nchi nyingine mnaobeba yote hayo mkiwa mnalala saa sita kwa siku. Siku yako ya mapumziko ichukue kamili, toka nje ya kambi. Ukiona huwezi kulala au unaishi na hofu ya kukutana na mwenzako, mwambie mshauri huyohuyo wa kambi, au mdhamini wako akuelekeze kwa mtaalamu; bima ya programu yako isome uone inagharimia nini.

Ukiniandikia tena, usinitajie jina la mtoto wala la kambi. Niambie tu kama mkurugenzi alichukua hatua usiku ule. Kama hakuchukua, nijulishe siku hiyohiyo, tupige ile namba pamoja.